Bomba Lililopita Juu ya Mlango

Jumanne, tarehe 17 Januari 2012. Saa moja asubuhi kipimajoto kilicho kwenye ukuta wangu wa kaskazini kilisoma nyuzi 31 chini ya sifuri. Upepo haukuwapo, wingu halikuwapo. Moshi wa kila nyumba ulipanda wima. Saa sita mchana kilisoma 24 chini ya sifuri, na hilo ndilo lililokuwa joto kubwa la siku ile.

Saa saba kasoro dakika ishirini jirani yangu Kumush alikuja kwenye uzio bila koti. Ni mke wa mzee Sharshen, mwanamke wa miaka sabini asiyependa kuomba kitu.

"Niitie Burulcha," alisema. "Boila inagonga kama kuna mtu amefungiwa ndani. Na chumba cha mtoto kimepoa."

Mtoto huyo alikuwa mjukuu wao, mvulana wa siku kumi na tisa. Mama yake, Aizirek, ameolewa na mwana wao wa mwisho, Nurdolot, ambaye siku nane kabla alikuwa amekwenda kwenye malisho ya baridi kumpokea kaka yake zamu ya kondoo. Kwa hiyo nyumbani walibaki wazee wawili, mkamwana wao na mtoto.

Burulcha anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nilimkuta ameketi na bakuli la chai ya maziwa na chumvi. Hakuningoja nimalize kueleza.

"Inagonga au inanguruma?"

"Inagonga."

Aliweka bakuli chini likiwa bado limejaa nusu, akavaa koti la marehemu mumewe, akachukua begi lake.

Wakati ule alikuwa na miaka sitini na moja, na kwa miaka ishirini na saba, mpaka alipostaafu, alikuwa amechochea moto wa boila ya shule yetu. Kazi hiyo hakuiomba. Mwanamume aliyekuwa nayo alilewa Desemba moja, moto ukazimika, rejeta za kupasha joto madarasa manne zikapasuka. Burulcha alikuwa mfagizi. Mwalimu mkuu alimwomba akae na moto mpaka apatikane mtu, na mtu hakupatikana. Alijifunza kwa kushika na kusikiliza. Akishika bomba hutanguliza mgongo wa mkono, kisha kiganja, akihesabu kwa midomo bila sauti. Akitaka kusikiliza, huweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini wake sikioni. Zana zake huzibeba kwenye begi la shule la bluu lenye picha ya dubu, lililokuwa la binti yake. Nusu ya mabomba ya kijiji ameyaunga yeye. Watu humtania kwamba amezungumza zaidi na maboila kuliko alivyozungumza na mumewe; hujibu kwamba boila husikiliza.

Tulipoingia jikoni kwa mzee Sharshen, mzee alikuwa amepiga goti moja mbele ya boila, koleo la makaa ya mawe mkononi. Boila iligonga mara tatu, ikanyamaza, ikagonga tena. Vikombe kabatini vilitetemeka.

"Nimeijaza mara tatu tangu asubuhi," mzee alisema. "Inakula tu, haitoi kitu."

"Weka koleo chini, kaka," Burulcha alisema.

"Nyumba ina baridi, unaniambia nisiweke makaa?"

"Ndiyo."

"Umesoma wapi hayo? Kwenye begi hilo? Uko darasa la ngapi?"

"La kwanza bado. Walimu wangu wote walikuwa wabishi kama wewe, hawakunipandisha. Weka koleo chini."

Mzee alishusha koleo, lakini hakuliachia.

Nyumba zetu hazina pampu ya kusukuma maji. Boila iko chini, jikoni. Maji yakipata moto hupanda yenyewe hadi kwenye bomba lililo karibu na dari, hushuka kwenye rejeta za chuma zilizo chini ya madirisha, na yakipoa hurudi kwenye boila kupitia bomba la sakafuni. Juu kabisa, darini, kuna tangi dogo lililo wazi. Maji yakiisha kwenye tangi hilo, hewa huingia mabombani, na penye hewa maji hayapiti.

Burulcha aligusa bomba linalotoka juu ya boila, akaondoa mkono papo hapo. Akainama, akagusa linalorudi chini. Midomo yake ilihesabu hadi thelathini na mkono ulikuwa bado hapo.

"Juu linaunguza, chini ni baridi kama kisima," alisema. "Maji hayatembei. Yanachemka palepale yalipo, na huo ni mvuke unaogonga. Kaka, kila koleo ulilotia limeongeza nyundo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo moto unatoka. Wote. Boila ikipasuka hakuna atakayeiziba leo wala wiki hii."

Alifunga mlango wa majivu na kifuniko cha dohani, kisha mimi na yeye tukatoa makaa yaliyowaka kwa koleo, ndoo baada ya ndoo, tukayamwaga kwenye theluji uani. Yalitoa sauti kama nyama kwenye mafuta. Mzee Sharshen alisimama mlangoni akitazama moto wake ukizama.

"Unatupa moto nje na mtoto yuko ndani," alisema.

Burulcha alikwenda chumba cha nyuma.

Chumba hicho kina madirisha mawili, moja la kaskazini. Barafu ilikuwa imeota upande wa ndani wa kioo hadi nusu. Kipimajoto kidogo juu ya kitanda cha mtoto kilisoma nyuzi 11. Aizirek alikuwa ameketi kitandani, mtoto amemweka kifuani ndani ya nguo, na mifarishi miwili juu yao wote wawili. Alijaribu kusimama alipomwona mgeni.

"Kaa, mwanangu. Ananyonya?"

"Ananyonya, mama. Lakini miguu yake ni baridi."

Burulcha alipiga magoti kwenye rejeta ya pembeni, chini ya dirisha la kaskazini. Aliingiza ufunguo wake mdogo kwenye tundu la hewa, koki ndogo ya shaba ya kutolea hewa, akazungusha. Hewa ilitoka kwa mluzi mfupi. Maji yakafuata, lakini bila nguvu, yakateremka kwenye chuma taratibu, kisha yakakata. Alibaki akiitazama ile michirizi kwa muda. Maji ambayo tangi lake limejaa huruka. Haya yalikuwa yanajikokota.

"Nahitaji kupanda darini," alisema.

Nilimshikia ngazi. Nikasikia hatua zake juu yetu, kisha kimya, kisha kitu cha chuma kikikwaruza chuma. Alishuka na vumbi magotini. Tangi lilikuwa kavu. Alama ya kutu ya maji ya zamani ilikuwa juu, na chini hapakuwa hata na unyevu. Alikuwa ameingiza waya mrefu kwenye shingo ya tangi kuona kama kuna kizibo cha barafu.

"Hakuna barafu bado," aliniambia kwa sauti ya chini. "Ingekuwapo, mvuke ungekosa pa kutokea na boila hii isingekuwa imesimama."

Nilimwambia mzee Sharshen kwamba kwangu jiko linawaka, ni hatua arobaini tu, tumpeleke mtoto na mama yake.

"Mtoto hatoki kabla ya siku arobaini," alisema. "Hajatoka hata mmoja wa nyumba hii. Hata baba yake, na mwaka ule paa lilikuwa limebomoka."

"Kaka, zimebaki siku ishirini na moja," nikasema.

"Najua kuhesabu."

Nilimtazama Burulcha nikitegemea atamshawishi. Hakumshawishi.

"Basi atapata joto humu humu," alisema. "Lakini elewa, kaka, sasa hivi hatuna moto. Siwezi kutia maji baridi kwenye chuma cha moto. Kitapasuka mkononi mwangu. Lazima boila ipoe kwanza. Na wakati inapoa, rejeta ile ya pembeni inaelekea kuganda. Saa kumi na robo jua linashuka nyuma ya mlima. Likishuka kabla maji hayajaanza kutembea, rejeta itaganda, itapasuka, na chumba hiki hakitakuwa na joto mpaka majira ya machipuko."

Saa ya ukutani ilisoma saa saba na dakika ishirini na tano.

Kumush alikwenda sebuleni, akapanda juu ya sanduku, akashusha ukutani zulia la sufu jekundu na jeusi ambalo mama yake alimpa siku alipoolewa. Alilileta chumba cha nyuma, akaizungushia rejeta ya pembeni, akalifunga kwa kamba.

Tukangoja. Kungoja kule ndiko kulikokuwa kugumu. Kila dakika tano Burulcha aliweka kiganja juu ya boila. Sheria yake ilikuwa kwamba maji hayaingii mpaka kiganja kivumilie hesabu ya kumi. Mara ya kwanza alifika moja. Mara ya pili, moja tena. Baridi ilikuwa inaingia jikoni. Tulianza kuona pumzi zetu.

Akiwa ameegemea ukuta aliuliza, "Nani amechota maji kwenye mabomba?"

Wasioishi huku huenda hawaijui tabia hii. Kila mfumo una koki ndogo ya chini ya kumwagia maji, na ndani ya mabomba kuna maji ya moto saa zote, wakati maji ya bomba la mtaani hukata vidole. Mafundi wote wanakataza, na wote wanajua kwamba ukigeuka tu, mtu atasogeza ndoo chini ya koki apate maji ya kufua.

"Nimetazama sakafu zote," Burulcha aliendelea. "Hakuna palipolowa. Tangi halikauki lenyewe. Nani amechota?"

"Ni mimi," Aizirek alisema kutoka mlango wa chumba. Alikuwa amesimama na mtoto, macho chini. "Nilifua nepi. Nisamehe, baba."

Mzee Sharshen aligeuka. Kabla hajasema lolote Burulcha aliuliza, "Ndoo ngapi?"

"Chache."

"Chache ni ngapi, mwanangu? Sikugombezi. Nataka kujua maji yameshuka hadi wapi, ili nijue hewa imefika wapi. Ndoo mbili ni jambo moja, ndoo sita ni jambo jingine."

Aizirek alimtazama mama mkwe wake, mara moja tu, haraka. Hakujua idadi.

"Nne," Kumush alisema. "Tangu Nurdolot aondoke, ndoo nne. Siku nachota, siku sichoti. Muacheni huyo, hata koki yenyewe hajui iko wapi. Tangu ajifungue sijamruhusu aguse maji."

Boila iligonga kidogo, mara moja ya mwisho.

"Wewe," mzee Sharshen alisema.

"Mimi. Mwanao alipokuwapo alikuwa anajaza tangi kila nilipochota. Yeye na mimi tulipatana."

"Na alipoondoka ukashindwa kuniambia nijaze?"

"Ningekuambia, ungepanda darini."

"Ndiyo, ningepanda."

"Na goti hilo? Juzi umeshindwa kupanda punda."

"Punda yule ni mrefu."

Burulcha aliinama kwenye begi lake, nadhani kuficha uso. Kisha akaweka kiganja kwenye boila. Alihesabu sita, akakiondoa.

Ilikuwa saa nane na dakika kumi na mbili alipofika kumi. Mimi nilichota maji kisimani kwangu, Kumush akayapokea chini ya ngazi, Burulcha akayapandisha. Alikataa tubadilishane, alitaka kuona mwenyewe maji yanavyoshuka. Aliyatia taratibu, nusu ndoo kwa nusu ndoo, na kila baada ya nusu alishuka akafungua matundu ya rejeta moja baada ya nyingine, kuanzia iliyo karibu na boila. Hewa ilitoka ikikohoa, ikitema maji ya rangi ya chai, kisha maji yakaruka kwa nguvu, naye akafunga. Ndoo ziliingia nne, na ya tano nusu. Kwenye ndoo ya tatu nilimwona amesimama katikati ya ngazi, paji la uso limeegemea mkono ulioshika ngazi. Alihesabu kitu kwa midomo, akaendelea kupanda.

Saa tisa kasoro dakika tano aliwasha moto, mdogo, wa kuni kavu kwanza. Mzee Sharshen alimpa kuni moja moja bila kuambiwa. Boila haikugonga. Ilianza kuvuma polepole, na bomba la juu likapata joto, kisha rejeta ya jikoni, kisha ya sebuleni. Kumush aliweka kiganja chake juu ya ile ya sebuleni akakiacha hapo.

"Imekubali," mzee alisema. "Burulcha, leo umepanda darasa la pili."

Burulcha alikuwa chumba cha nyuma. Rejeta zake mbili zilikuwa baridi. Alifungua matundu, yalitoa maji safi, yenye nguvu, bila hewa. Alifunga. Akangoja robo saa. Bado baridi. Kipimajoto cha kitanda cha mtoto kilisoma nyuzi 6. Aliingiza mkono chini ya zulia la Kumush, akagusa bomba kwenye kona, na nilipomuuliza alinionyesha ncha za vidole: zilikuwa na chembe nyeupe za barafu.

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano. Mwanga wa jua ulikuwa umebaki kwenye kipande cha juu cha ukuta wa zizi.

Alisimama katikati ya mlango wa chumba kile, bila kukanyaga kizingiti, akatazama juu. Mimi pia nikatazama. Bomba la kurudisha maji, linalokwenda sakafuni nyumba nzima, likifika kwenye mlango huo hupanda ukutani, hupita juu ya fremu, hushuka upande wa pili, kisha huendelea sakafuni. Mahali pengine pote bomba kama hilo hupita chini ya kizingiti.

"Hewa iko pale juu," alisema. "Imekaa kwenye mgongo wa bomba. Maji yanaifikia pande zote mbili lakini hayawezi kuiruka."

"Fungua tundu lake itoke," mzee alisema.

"Halina tundu."

"Fundi gani mjinga ameweka bomba lisilo na tundu?"

Burulcha hakuondoa macho juu. "Ni mimi, kaka. Umesahau? Miaka kumi na miwili iliyopita, mwezi wa kumi na moja."

Mzee alikumbuka, ilionekana usoni. Alikuwa amesimama mahali palepale siku ile na kusema kwamba kizingiti cha baba yake hakuna msumeno utakaokigusa, kwamba baraka ya nyumba hukaa chini ya kizingiti na yeye hataki kuichimbua kwa ajili ya bomba. Burulcha alibishana naye nusu siku, kisha akachoka, akalipandisha bomba juu ya mlango. Bomba la namna hiyo hufanya kazi vizuri likiwa na tundu la hewa juu yake. Msimu ule matundu hayakupatikana sokoni. Alijaza maji kutoka chini kwa pampu ya shule, yakasukuma hewa yote nje, na akasema atarudi machipuko kuweka tundu. Machipuko alinunua matundu manne. Lakini bomba lilikuwa likifanya kazi, hakuna aliyelalamika, na mwaka ukafuata mwaka.

"Mimi ndiye niliyekataa kizingiti kikatwe," mzee alisema.

"Wewe si fundi. Fundi ni mimi."

"Pampu ya shule?" niliuliza.

"Shule imefungwa, na mlinzi mwenye ufunguo amekwenda msibani ng'ambo ya mto. Mpaka arudi bomba hili litakuwa mti wa barafu."

Palikuwa na njia moja. Juu ya mlango, kwenye mgongo wa bomba, vipande viwili viliunganishwa kwa nati kubwa, iliyofungwa kwa nyuzi za katani. Kuilegeza robo mzunguko kungeitoa hewa. Lakini nati ilikuwa na kutu ya miaka kumi na miwili. Ikigoma, hakuna lililobadilika. Ikikatika, maji yote ya darini yangemwagika kwenye chumba cha mtoto, moto ungelazimika kutolewa tena, na nyumba nzima ingelala na mabomba makavu katika baridi ya nyuzi thelathini.

Burulcha aliyasema hayo yote kwa mpangilio huo, bila kupandisha sauti, kisha akamgeukia Aizirek.

"Mwanangu, mpeleke mtoto jikoni, kaa mgongo kwenye boila. Maji yakimwagika sitaki yawakute hapa."

Alipanda juu ya kiti. Alifunika nati kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa, akangoja kwa hesabu yake. Aliigonga pande zote kwa nyundo ndogo, kwa utulivu, kama mtu anayebisha kwenye nyumba yenye mgonjwa. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye bomba na mpini sikioni.

"Tupu," alisema. "Hewa tu hapa."

Kisha spana mbili: moja ya kushika bomba, moja ya nati. Ile ya kushika bomba alinipa mimi.

"Hii isisogee. Hata ukisikia nimeanguka."

Alivuta. Nati haikusogea. Alivuta tena, na niliona mshipa shingoni mwake. Bomba liliguna mkononi mwangu. Vumbi la kutu lilianguka kwenye kofia yake. Mzee Sharshen alikuwa amesimama nyuma yetu, mikono imenyooshwa chini ya bomba, kama ambaye angeweza kuyapokea maji kwa viganja.

"Acha, dada," alisema. Hakuwa amemwita hivyo siku nzima. "Acha. Nitampeleka mtoto kwa jirani. Acha isikatike."

Burulcha aliacha kuvuta. Alimtazama kutoka juu ya kiti.

"Siku arobaini je?"

"Nimekuambia acha."

Alifikiri. Sidhani alifikiri zaidi ya pumzi tatu. "Mara moja zaidi," alisema. "Si kwa nguvu. Kwanza nitaikaza."

Na kweli aliikaza kidogo, upande usiotarajiwa, hadi ikatoa sauti kavu kama ukucha unapovunjika. Nikafumba macho. Nilipofumbua nati ilikuwa nzima. Kutu ndiyo iliyokatika. Aligeuza spana, akavuta upande wa kulegeza, polepole, na ikamfuata.

Hewa ilitoka. Ilianza kama mtu anayevuta pumzi katikati ya meno, ikawa mluzi, ikaendelea muda mrefu kuliko nilivyodhani bomba linaweza kubeba. Hakuna aliyesogea. Kisha mluzi ukakatika, likatoka tone, matone, na mstari mwembamba wa maji ukateremka kwenye mkono wake hadi ndani ya koti. Akakaza. Tone la mwisho lilining'inia kwenye nati bila kuanguka.

"Sasa makaa, kaka," alisema. "Mara hii weka."

Saa kumi na dakika kumi na mbili. Ukuta wa zizi ulikuwa umepoteza mwanga. Mzee Sharshen alichechemea kwenda jikoni, nikasikia koleo. Burulcha alishuka, akakaa chini, mgongo kwenye fremu ya mlango, mgongo wa mkono kwenye bomba. Alihesabu. Sikuona sura yake ikibadilika. Baadaye kidogo aliniashiria niguse.

Halikuwa joto. Lilikuwa limeacha tu kuwa baridi. Dakika tano baadaye lilikuwa vuguvugu, na kutoka kwenye rejeta ya pembeni, chini ya zulia, kukasikika mlio mdogo wa kitu kinachoachia: barafu ya kwenye kona. Burulcha alifungua kamba, akatazama kila kiungo kwa tochi. Hapakuwa na ufa.

Saa kumi na moja kipimajoto cha kitanda cha mtoto kilisoma 9, na saa kumi na mbili kasoro robo kilisoma 14. Aizirek alirudi na mtoto. Kumush aliweka chai, maandazi madogo ya kukaanga na siagi, akamsukumia Burulcha bakuli mara mbili kabla hajalinywa.

"Machipuko," mzee Sharshen alisema akiwa ametazama bakuli lake, "nitakikata kizingiti mwenyewe."

"Hapana haja. Bomba liko sawa hapo lilipo. Linahitaji tundu juu yake, kazi ya saa moja. Baridi ikipungua Jumamosi nitakuja. Sitaki kutoa moto wako mara mbili katika wiki moja." Alimgeukia Kumush. "Na maji ya kufulia?"

"Jirani ana jiko," Kumush alisema, na akanitazama mimi.

Burulcha alicheka kidogo, mara ya kwanza siku ile. Lakini alipokuwa akivaa koti alisita, mkono mmoja ukiwa ndani ya koti, akihesabu tena kwa midomo. Nilimuuliza anahesabu nini.

"Milango," alisema. "Mwaka ule nilipandisha bomba juu ya milango minne."

Asubuhi iliyofuata, Jumatano, kipimajoto kilisoma nyuzi 33 chini ya sifuri, ukungu wa barafu juu ya mto. Saa mbili kamili Burulcha alipita mbele ya dirisha langu na begi la bluu mgongoni na kopo la peremende mkononi. Ndani ya kopo, alinionyesha baadaye, mlikuwa na matundu manne ya shaba, bado kwenye karatasi zake za dukani. Alipita mlango wa mzee Sharshen bila kusimama, akafika kwenye kona, nyumba ya Ishenkul muuza duka, akabisha. Ishenkul alitoka na kikombe mkononi akamuuliza ni nani aliyemwita, maana kwake mabomba yote yanafanya kazi. Burulcha alisema hakuna aliyemwita, akaomba ngazi.